Mighani na Ukweli katika Filamu za John Ford: Funzo kwa Mhakiki wa Fasihi

Utangulizi

Mpenzi msomaji, huenda ukajiuliza filamu za Marekani zimeingiaje katika jarida la fasihi ya Kiswahili. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa kisa.

Mtito Andei, ninakofunza, ni mji wa njiani. Uko karibu nusu ya safari kati ya Nairobi na Mombasa, na wasafiri wengi wa barabara hiyo hutua hapa kunywa chai. Tulipokuwa wadogo palikuwa na kibanda cha video nyuma ya maduka. Humo ndimo tulimokutana na kauboi: farasi, kofia pana, bastola kiunoni. Wengi wetu hatukukielewa Kiingereza cha Wamarekani. Tulitegemea sauti ya mtafsiri aliyetusimulia mambo kwa Kiswahili, naye alitueleza tangu mwanzo nani ni staa na nani ni adui. Tulitoka tukiwa na hakika kwamba staa hafi, na kwamba wale wenye manyoya kichwani, walioitwa Wahindi Wekundu, walizaliwa ili wapigwe risasi.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nikisahihisha mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne. Nilikuwa nimewasomesha tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), kama kitabu cha ziada. Swali lilikuwa: "Kinjeketile ni shujaa. Jadili." Karibu watahiniwa wote walijibu kwamba ni shujaa kwa sababu watu walimwita hivyo, walimfuata na waliyaamini maji yake. Waliyachukua maneno ya wahusika wakayafanya kuwa maneno ya mwandishi. Ni msichana mmoja tu aliyeandika kwamba watu wanasema hivyo, lakini tamthilia yenyewe ina shaka. Hapo nikatambua kuwa kosa la wenzake lilikuwa lile letu la kibandani. Tulimwamini anayesimulia, hatukuitazama hadithi.

Katika makala haya nitatathmini filamu za kauboi na za vita za John Ford, mwelekezi mashuhuri wa Hollywood, kwa jicho la mwalimu wa fasihi. Hoja yangu ni moja. Ford ni bora pale anapotuonyesha mighani ikitengenezwa, na ni dhaifu pale anapotupa mighani pekee. Mtahiniwa akiweza kuzitenga hali hizo mbili katika filamu, ataweza kuzitenga pia katika tamthilia, riwaya na fasihi simulizi.

John Ford ni nani?

John Ford alizaliwa tarehe 1 Februari 1894 katika jimbo la Maine, Marekani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa John Martin Feeney, na wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ireland. Alianza kuelekeza filamu mwaka 1917, enzi ya filamu zisizo na sauti, na kufikia kifo chake mwaka 1973 alikuwa ameelekeza zaidi ya filamu 100. Alipata tuzo ya Oscar ya mwelekezi bora mara nne: The Informer (1935), The Grapes of Wrath (1940), How Green Was My Valley (1941) na The Quiet Man (1952).

Hebu itazame orodha hiyo tena. Hakuna hata moja iliyo filamu ya kauboi. Hata hivyo, Ford akitajwa leo, watu hukumbuka kwanza farasi, vumbi na yale majabali mekundu ya Monument Valley, mpakani mwa majimbo ya Utah na Arizona, alikorudi kupiga picha mara kwa mara. Waliotoa tuzo walimwona bingwa wa tamthilia za familia na maskini, ilhali watazamaji walimwona mtambaji wa mighani za taifa lake.

Neno mighani si geni kwako. Katika fasihi simulizi, mighani, au visakale, ni hadithi za majagina wa jamii, watu wanaoaminika kuwa waliishi, ambao sifa zao zimekuzwa na wasimulizi wa vizazi vingi. Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini ni mfano tunaoufunza kila mwaka: hachomwi na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na hata akiwa amekwisha kufa kisimani, amepiga goti na upinde mkononi, watu bado wanaogopa kumkaribia. Filamu ya kauboi ni mighani ya Marekani. Ina jagina, ina safari, ina adui, na ina taifa linalotaka kujua lilitoka wapi.

Mighani isiyoulizwa

Mwaka 1924 Ford alitoa The Iron Horse, filamu isiyo na sauti kuhusu ujenzi wa reli iliyounganisha mashariki na magharibi ya Marekani mwaka 1869. Mwanafunzi wa Mtito Andei hahitaji kuelezwa reli ni nini, kwa kuwa mji wake ulikua kando ya reli. Filamu hiyo inaionyesha reli kuwa ushindi wa taifa zima. Vibarua wanatoka jasho na kuimba, wenyeji wanaishambulia, na mwishoni pande mbili zinakutana kwa shangwe. Ardhi ile ilikuwa ya nani? Swali hilo halipewi nafasi.

Nasi tuna mighani yetu ya reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1898, kwenye daraja la mto Tsavo, safari fupi kutoka hapa Mtito Andei, simba wawili waliwaua wafanyakazi kwa miezi kadhaa hadi mhandisi J. H. Patterson alipowapiga risasi. Patterson aliandika kitabu mwaka 1907. Humo anataja Wahindi 28 waliouawa, kisha anaongeza Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuwekwa. Baadaye idadi ya waliouawa ilipandishwa hadi 135. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao, ambao wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Chicago, walikadiria kuwa walikula watu wapatao 35. Tazama jinsi mighani inavyofanya kazi: mwindaji ana jina, simba wana sifa, na idadi inakua kila isimuliwapo, lakini Waafrika waliokufa hawana jina wala hesabu.

Stagecoach (1939) ni kazi ya juu zaidi, na ndiyo iliyomfanya John Wayne kuwa nyota. Watu tisa wanasafiri katika gari la farasi kupitia nchi ya Waapache. Wamo kahaba aliyefukuzwa mjini, daktari mlevi, mke mjamzito wa afisa wa jeshi, mcheza kamari, muuza pombe, mwenye benki mwizi, ofisa wa sheria, dereva, na kijana mtoro wa gereza aitwaye Ringo. Yeyote aliyewahi kupanda basi la usiku kwenda Mombasa ataitambua mbinu hii. Msafara ni jamii nzima iliyobanwa mahali pamoja. Kadiri hatari inavyokaribia, wanaoheshimiwa wanaonyesha uoza wao na wanaodharauliwa wanaonyesha utu. Kahaba ndiye anayemhudumia mama anapojifungua, na mlevi ndiye anayelazimika kuwa daktari tena. Mwenye benki, anayehubiri uadilifu njia nzima, ndiye mwizi. Hicho ni kinaya kilichosukwa barabara, na mwalimu anaweza kukitumia kufunza usawiri wa wahusika.

Lakini Waapache katika filamu hiyo ni kama mvua au mafuriko, janga linalotokea mlimani. Hakuna anayeuliza kwa nini wanapigana. Ford anawakosoa Wazungu walio ndani ya gari kwa makini sana, na walio nje ya gari anawaacha bila sauti.

Mighani ikihojiwa

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Ford alibadilika. Fort Apache (1948) inahusu Kanali Thursday, afisa mwenye kiburi anayetamani sifa. Safari hii mwelekezi anatueleza kwa nini Waapache wameasi: wakala wa serikali amewaibia na kuwauzia pombe mbaya. Kiongozi wao, Cochise, anapewa nafasi ya kueleza madai yake, na madai hayo ni ya haki. Kapteni York, ambaye ametoa ahadi kwa Cochise, anamshauri kanali asishambulie. Kanali anakataa ushauri, anashambulia, na kikosi chake kinateketea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa mkuu mwenyewe ndiye asiyesikia la mdogo.

Mwisho wa filamu ndio wenye uzito. Miaka imepita. Waandishi wa habari wanamsifu kanali yule na kuzungumzia mchoro mkubwa unaomwonyesha kama jagina. York anajua ukweli, nasi tunaujua kwa sababu tuliona kwa macho yetu. Hata hivyo, York anawaacha waendelee kuamini, kwa heshima ya askari wa kawaida waliokufa na kwa ajili ya jeshi analoliongoza sasa. Mtazamaji anabaki na mambo mawili mkononi, ukweli alioushuhudia na uongo uliotundikwa ukutani.

The Man Who Shot Liberty Valance (1962) inakwenda mbali zaidi. Seneta Stoddard anarudi katika mji mdogo kumzika Tom Doniphon, mtu asiyejulikana na yeyote nje ya mji huo. Mhariri wa gazeti anataka kujua kwa nini mtu mkubwa amesafiri kumzika maskini. Kwa mbinu rejeshi, seneta anasimulia. Nchi nzima inamheshimu kama mtu aliyemuua jambazi Valance, na sifa hiyo ndiyo iliyomfikisha bungeni. Kumbe risasi iliyomuua jambazi ilitoka gizani, kwenye bunduki ya Doniphon. Mhariri anasikiliza yote, kisha anachana alichoandika. Anaona kuwa mighani imekwisha kuwa ukweli wa watu, na gazeti lake litaendelea kuichapisha mighani.

Wapo wanaodhani Ford anaungana na mhariri. Sikubaliani nao. Mhariri anachana karatasi, lakini mwelekezi hachani filamu. Kile ambacho gazeti linakificha, filamu imetuonyesha kwa saa mbili. Na katika garimoshi la kurudi, mfanyakazi wa reli anapomsifu seneta kwa ushujaa ambao si wake, uso wa seneta unajaa aibu. Hicho ndicho kinaya: hadhira inajua asichokijua mhusika.

Hapa ndipo Kinjeketile inapoingia. Katika tamthilia ya Hussein, wanaotegemea maji wanaangamia kwa risasi za Wajerumani. Kinjeketile ametekwa, na Kitunda anamsihi akiri kwamba maji ni uongo. Anakataa. Anahofia kwamba akikiri, mkoloni atawaambia watoto kesho kuwa vita vyenyewe vilikuwa kosa. York, mhariri na Kinjeketile wote wanalinda neno ambalo limewashinda nguvu. Tofauti yao ni kubwa, na mtahiniwa anapaswa kuieleza. York analinda heshima ya jeshi la wavamizi, mhariri analinda sifa ya mtawala, na Kinjeketile analinda haki ya wanyonge kupigania nchi yao. Lakini waandishi wote wawili, Hussein na Ford, wanatupa nafasi ya kuona bei ya neno hilo. Wale askari wa Thursday na wale wapiganaji wa Maji Maji wanalala chini wakiwa wafu mbele yetu, na hakuna mchoro unaoweza kuwafufua.

The Searchers (1956) huhesabiwa na wahakiki wengi kuwa kilele cha kazi ya Ford. Ethan Edwards anamtafuta kwa miaka mingi mpwa wake Debbie, aliyetekwa na Wakomanche. Polepole tunagundua kwamba hataki kumwokoa. Anataka kumuua, kwa sababu sasa ni mke wa adui. Chuki ya jagina ndiyo hatari kubwa kuliko adui mwenyewe. Mwishoni anamwinua binti huyo mikononi na kumrudisha nyumbani, lakini yeye haingii. Filamu iliyoanza kwa mlango kufunguliwa inakwisha kwa mlango kufungwa, naye akiwa nje. Mhusika aliyeijengea jamii usalama kwa chuki hana nafasi katika nyumba aliyoijenga. Huo ni mfano mzuri wa ishara kwa mwalimu anayetaka kueleza jinsi mandhari yanavyobeba maudhui.

Filamu za vita

Ford hakuvijua vita kwa kusimuliwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliongoza kikosi cha wapiga picha cha jeshi la majini la Marekani. Juni 1942 alikuwa katika kisiwa cha Midway Wajapani waliposhambulia. Alipiga picha kwa mkono wake na kujeruhiwa. Filamu fupi aliyoitoa, The Battle of Midway (1942), ya dakika 18 hivi, ilipata tuzo ya Oscar. Ndani yake kamera inatikisika bomu linapolipuka, na mtikisiko huo unasadikisha kuliko maneno.

Lakini December 7th (1943), aliyoshirikiana na Gregg Toland kuhusu shambulio la Pearl Harbor, ni kisa kingine. Sehemu kubwa ya mashambulizi tunayoyaona humo iliigizwa baadaye. Nayo ilipata tuzo ya filamu za kweli, na kwa miaka mingi baadhi ya picha hizo zilitumiwa na wengine kana kwamba zilipigwa siku yenyewe ya shambulio. Mtu yuleyule, katika vita vilevile, alitupa ushahidi na pia akatupa igizo lililogeuka kuwa ushahidi.

Kabla ya kumhukumu Ford, niruhusu msomaji nikiri jambo. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa KAR, au Keya kama wazee wa Ukambani walivyoiita. Alikwenda Burma pamoja na divisheni ya Afrika Mashariki iliyopita bonde la Kabaw wakati wa mvua za mwaka 1944 hadi mto Chindwin. Nyumbani tulikua tukisikia kwamba alivuka mto huo chini ya risasi, bunduki mkononi, na kumwokoa afisa wake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuyasema hayo wala kuyakanusha. Alipofariki mwaka 2014, mimi, mwalimu mchanga wa Kiswahili, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Katika sanduku lake la bati nikapata cheti cha kuachishwa jeshi. Kwenye nafasi ya kazi palikuwa na neno moja: mpishi.

Siku ya mazishi nilisoma habari za mto Chindwin na bunduki. Shangazi yangu alilia kwa fahari. Cheti nilikirudisha sandukuni.

Nilipoitazama They Were Expendable (1945) miaka iliyofuata, ndipo nilipoelewa nilichokipoteza. Filamu hiyo inahusu mabaharia wa mashua ndogo za kivita nchini Ufilipino mwaka 1941 na 1942, na jina lake lina maana ya watu wanaoweza kutolewa mhanga. Vita vilikuwa vinaisha kwa ushindi ilipotengenezwa, lakini Ford alichagua kusimulia kushindwa. Mashua zinazama moja baada ya nyingine. Wauguzi wanasaidia upasuaji katika handaki taa zikizimika. Maafisa wanaandaa chakula cha jioni kwa heshima ya muuguzi mmoja, na chakula hicho kinabeba uzito kuliko mapigano. Mwishoni maafisa wanaondoka kwa ndege kwenda Australia, na mabaharia wa kawaida wanabaki ufuoni, wakitembea kuelekea mahali ambapo hakuna atakayewafuata. Hakuna anayepiga kelele za ushujaa. Kila mmoja anafanya kazi yake hadi kazi inapokwisha.

Mtu anayepika katika mvua ya miezi mitano, kuni zikiwa majimaji, ili wenzake wapate nguvu ya kutembea kesho, huyo naye alistahili wasifu. Mimi nilimnyima kwa kumpa bunduki ya mtu mwingine. Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi kuna sanamu ya mwaka 1928 ya wale waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mmoja wao ni mpagazi, mtu wa mizigo. Aliyeichonga sanamu hiyo hakumpa mpagazi bunduki. Ford wa They Were Expendable yuko karibu na mchongaji huyo. Ford wa December 7th yuko karibu nami siku ya mazishi.

Dosari za Ford

Mhakiki mzuri hasifu tu. Dosari kubwa ya Ford ni sauti za wasiosikika. Kwa muda mrefu Wanavajo wa Monument Valley waliajiriwa kuigiza Waapache, Wakomanche na Wacheyenne, kana kwamba mwenyeji mmoja ni sawa na mwingine. Chifu Scar katika The Searchers aliigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani. Ford alijaribu kulipa deni hilo katika Cheyenne Autumn (1964), filamu yake ya mwisho ya kauboi, inayosimulia safari ya Wacheyenne waliotoroka mwaka 1878 kurudi nchi yao ya kaskazini. Nia ilikuwa njema, lakini hata humo viongozi wa Wacheyenne waliigizwa na watu wasio Wacheyenne.

Kuhusu Wamarekani weusi alipiga hatua. Sergeant Rutledge (1960) inamweka Woody Strode, mwigizaji mweusi, katikati ya kesi ya mauaji na ubakaji anaosingiziwa, na ukweli unajengwa kipande kwa kipande kwa mbinu rejeshi za mashahidi. Mwigizaji huyohuyo ndiye Pompey katika Liberty Valance, msaidizi wa Doniphon. Yeye ndiye aliyemrushia Doniphon bunduki usiku ule, lakini mighani ya mji haimtaji kabisa.

Na sisi je? Ford alifika kwetu. Filamu yake Mogambo (1953), yenye Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, ilipigwa Kenya, Tanganyika na Uganda kuanzia mwishoni mwa mwaka 1952. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchini tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo, na vita vya Mau Mau vilikuwa vimeanza. Katika filamu hakuna dalili ya vita hivyo. Kuna mwindaji Mzungu, ambaye ni kauboi aliyebadilishiwa kofia, kuna wanawake wawili wanaomgombea, na kuna Waafrika wanaobeba mizigo na kupiga ngoma. Watazamaji wa ng'ambo waliambiwa jina la filamu ni la Kiswahili na lina maana ya mapenzi makali. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anajua hakuna neno kama hilo. Tunalo neno mgambo, na methali inasema la mgambo likilia lina jambo. Mwaka ule mgambo ulikuwa ukilia Kenya nzima, na mwelekezi aliyekuwa ametengeneza Fort Apache miaka minne tu kabla hakuusikia. Yule aliyempa Cochise nafasi ya kueleza madai yake hakumpa Mkenya nafasi hiyo.

Funzo kwa mtahiniwa

Mtahiniwa anapokutana na swali la ushujaa, uzalendo au uongozi, na azingatie mambo haya matatu.

Kwanza, tenga sauti. Jiulize: ni nani anayemwita mhusika huyu shujaa? Ni mhusika mwenzake, ni msimulizi, au ni matendo yenyewe? York anamsifu kanali, lakini matendo ya kanali yanamlaani. Ukiandika "kanali ni shujaa kwa sababu York amesema", umeanguka.

Pili, tafuta kinaya. Je, hadhira inajua jambo ambalo wahusika hawalijui? Kama ndiyo, mwandishi amekuweka mahali pa juu ili uhukumu. Usishuke ukakaa miongoni mwa wahusika.

Tatu, hesabu wasiosema. Pompey, wafanyakazi wa Kiafrika wa Tsavo ambao hesabu yao haikuwekwa, na wapagazi wa Mogambo ni sehemu ya hadithi hata kama hadithi imewasahau. Katika tamthilia yoyote utakayotahiniwa, chunguza ni nani aliye jukwaani bila kupewa maneno, na uliza kwa nini.

Zoezi

1. "Mighani huijenga jamii na pia huificha." Jadili kauli hii kwa kurejelea mighani moja ya jamii yako na kazi moja ya fasihi andishi uliyosoma. (alama 20)

Mwongozo: Taja jagina na sifa zake. Onyesha jinsi mighani inavyounganisha jamii, kwa mfano kwa kutoa kielelezo cha ujasiri. Kisha onyesha kinachofichwa: makosa ya jagina, wasaidizi wake, au waathiriwa. Pande zote mbili ni lazima zijitokeze. Anayejibu upande mmoja asipite alama 10.

2. Eleza jinsi mbinu rejeshi inavyoweza kutumiwa kufichua ukweli uliofunikwa na sifa. (alama 10)

Mwongozo: Usieleze maana ya mbinu tu. Onyesha hali ya sasa, tukio lililorejelewa, na jinsi tukio hilo linavyobadilisha maoni yetu kuhusu hali ya sasa.

Hitimisho

Tukimpima John Ford kwa ratili ya fasihi, tunapata msanii wa daraja la juu ambaye hakuwa wa daraja hilo kila siku. Kazi zake zinazodumu ni zile alizomweka mtazamaji mahali pa kuona mchoro ukutani na maiti uwanjani kwa wakati mmoja. Mwalimu mwenzangu, ukipata nafasi, waonyeshe wanafunzi wako dakika kumi za mwisho za Fort Apache kabla ya kuwapa swali la ushujaa, kisha waulize nani anasema ukweli.

Mimi nilifanya hivyo muhula uliopita. Kipindi kilipokwisha, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama mimi ningewaambia wale waandishi wa habari ukweli. Sikumjibu siku hiyo. Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani, nikafungua sanduku la bati, nikamwonyesha shangazi cheti. Alikisoma taratibu, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: "Sasa naelewa kwa nini uji wake haukuwahi kuungua." Wasifu wa babu nimeuandika upya, na neno mpishi liko katika mstari wa kwanza.